Vunjeni Mfupa Kwanza: Barua kwa Vijana Mnaoanza Kazi ya Wanyama wa Kwato

Wanangu,

Najua mmesharipoti vituoni. Mmepewa sare na godoro, mmeonyeshwa gari lililo zima na lile lililo juu ya mawe, na pengine mmeshapandishwa ndege ndogo kwa mara ya kwanza mkarudi chini mmelowa jasho. Hongereni. Mimi kazi hiyo nimeifanya miaka 31, zaidi nikiwafuata nyumbu, na kwa vipindi nyati, nyamera, kongoni na pofu. Sasa nimestaafu, niko nyumbani Karatu, na kila mwaka wahitimu wa Chuo cha Wanyamapori Mweka na Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) wanapopangiwa hifadhi, moyo wangu unakwenda nao.

Kuhesabu mtafundishwa na wengine, tena vizuri. Mtaruka mistari iliyonyooka, mita mia hivi juu ya ardhi, mkihesabu wanaoangukia kati ya fito mbili zilizofungwa chini ya bawa. Kundi likiwa kubwa kuliko jicho mtapiga picha. Mtafundishwa pia kwamba idadi isiyoandikwa pamoja na kiwango chake cha makosa ni uvumi. Ninachotaka kuwaambia kinakuja baada ya hayo, siku ile hesabu itakaposhuka na simu ikalia kutoka juu kuuliza wanyama wamekwenda wapi. Siku hiyo msijibu kabla hamjavunja mfupa.

Mwaka 1993 nilikuwa kijana kama ninyi. Kiangazi cha mwaka ule zile mvua chache ambazo kaskazini mwa Serengeti huwapa nyumbu majani ya kuvukia ukame zilikatika kabisa. Nyumbu ambao walikuwa wakikaribia milioni 1.2 wakashuka hadi kama 900,000. Mimi nilitumwa kukagua eneo moja la mpakani. Nikakuta mizoga mingi kando ya maji, na chini kidogo ya hapo ng'ombe wa boma la jirani wanakunywa. Nikaandika taarifa ya ukurasa mmoja: unashukiwa ugonjwa wa mlipuko, chanzo huenda ni mifugo. Sikufungua mzoga hata mmoja. Jua lilikuwa kali, harufu ilikuwa mbaya, na sentensi ile niliiona ya kitaalamu.

Sotoka, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe unaowapata pia nyati na nyumbu, ilikuwa imewarudia nyati wa Serengeti mwaka 1982, kwa hiyo wakubwa waliposoma neno "mlipuko" waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Mnada wa ng'ombe ukafungwa wiki tano. Ulikuwa mwaka wa njaa. Watu walikuwa wanauza ng'ombe ili wanunue mahindi, nami kwa kalamu yangu nikawafungia mlango.

Baadaye alikuja mtafiti aliyenitangulia kazini. Hakuniuliza kitu. Alichukua panga, akapasua mfupa wa paja wa mzoga wa kwanza, akaniambia nitazame. Ndani hamkuwa na mafuta. Kulikuwa na kitu chepesi, kinang'aa, unaona mwanga ng'ambo yake, kama ute wa yai. Mzoga wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Tulizunguka mpaka jioni.

Shikeni hili, maana hakuna mashine inayolipita kwa urahisi. Mnyama anayekosa chakula huanza kula mafuta ya mgongoni, halafu yale yanayozunguka figo, na akiba ya mwisho kabisa kuguswa ni uboho, yale mafuta ya ndani ya mfupa. Ukikuta uboho mweupe, mgumu, kama samli iliyoganda, mnyama huyo alikuwa na akiba. Kamtafute aliyemuua, awe simba, mtego wa waya, au maradhi. Ukikuta uboho umegeuka ute, njaa ilikuwa imeshammaliza, hata kama fisi ndiye aliyemwangusha. Kwa njia hiyo Simon Mduma, Mtanzania mwenzetu, pamoja na watafiti wenzake Sinclair na Hilborn, walichapisha mwaka 1999 kumbukumbu ya miaka 40 ya nyumbu wa Serengeti. Robo tatu ya vifo walivyovichunguza vilitokana na kukosa lishe. Simba tunayemwona kila siku na kumpiga picha hakuwa ndiye anayeamua idadi ya nyumbu. Iliamuliwa na majani ya kiangazi.

Lakini nisiwapeleke kwenye hatari. Mzoga unaotoa damu nyeusi isiyoganda puani au nyuma, uliovimba upesi na usiokakamaa, msiuguse. Hicho huenda ni kimeta. Wekeni alama, fukuzeni watu, mwiteni daktari wa wanyamapori. Panga libaki kwenye gari.

Mwisho wa safari ile mzee mmoja wa boma alinijia. Hakupandisha sauti. Aliniuliza: "Wewe ndiye uliyeandika kwamba ng'ombe wangu wameua nyumbu? Uliwatazama?" Sikuwa na jibu. Nimekaa na swali lile miaka yote iliyobaki ya kazi yangu, na nusu ya nilichojifunza kimetoka humo.

Maana ukweli ni kwamba ng'ombe waliwahi kuwaua nyumbu, tena kwa maelfu. Sotoka iliingia pembe ya Afrika mwaka 1887 na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Waitaliano. Miaka michache baadaye ilikuwa imefika Umasaini. Wamasai wanakiita kipindi kile Emutai, maangamizi: ng'ombe walikwisha, ndui ikafuata, watu wakafa njaa. Nyati na nyumbu nao walianguka, na kwa miongo iliyofuata ugonjwa uliendelea kuua ndama waliovuka miezi michache, mwaka baada ya mwaka. Akina Grzimek, watafiti wa Kijerumani, baba na mwana, walipohesabu kwa ndege mwishoni mwa miaka ya 1950, walipata nyumbu wapatao 99,000 tu. Hesabu yao iliwapunja, lakini hata ile ya mwaka 1961 ilikuwa karibu robo milioni tu.

Walipona vipi? Hakuna nyumbu hata mmoja aliyechomwa sindano. Walichanjwa ng'ombe. Pale Muguga, Kenya, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo iliyoweza kuzalishwa kwa wingi, na ng'ombe waliozunguka Serengeti walipokingwa, ugonjwa ukakosa pa kukaa. Kufikia mwaka 1977 nyumbu walikuwa wanafika milioni 1.3. Nyasi zikaliwa zikawa fupi, moto wa kiangazi ukapungua, miti ikaanza kurudi. Fikirini wenyewe: miti ya Serengeti imeota kwa sababu mfugaji alikubali kumfungia ng'ombe wake kwenye kibano akachomwa sindano. Nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya, walikuwa miongoni mwa wa mwisho kukutwa na virusi vile, mwaka 2001, na mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba sotoka imetokomezwa.

Miaka michache kabla ya kustaafu nilipata nafasi ya kukaa msimu mmoja wa baridi Idaho, Marekani, na wenzetu wanaosimamia kondoo wa porini wenye pembe kubwa. Ni wanyama wa majabali. Dume hubeba pembe zilizojikunja kama pete kubwa, na kila baridi huacha mstari kwenye pembe, kwa hiyo umri wake unausoma kwa kidole. Helikopta ilikuwa inawarushia nyavu, sisi tunawapokea chini. Kazi yangu ilikuwa kushika kichwa cha jike, macho yamefunikwa kitambaa ili atulie, wakati mwenzangu anampitisha pamba puani. Pumzi yake ilikuwa moto mkononi mwangu katika baridi ile inayokausha midomo.

Pamba ile ilikuwa inatafuta kijidudu kinachoitwa Mycoplasma ovipneumoniae. Kondoo wa kufugwa hukibeba wala hasumbuki sana. Akigusana pua na ndugu yake wa mlimani, mapafu ya yule wa mlimani yanaharibika. Katika baridi ya 1995 na 1996 bonde la Hells Canyon lilipoteza kondoo wa porini kwa mamia. Kilichoniumiza zaidi ni yaliyofuata: miaka mingi baada ya wakubwa kupona, majike waliendelea kuzaa kila masika, na wanakondoo waliendelea kufa kwa nimonia kabla ya kiangazi kuisha. Ukihesabu kutoka juu unaona majike wengi, wenye afya, ukasema mambo ni shwari. Kumbe kundi halina watoto. Baadaye iligunduliwa kwamba majike wachache tu ndio waliobaki na kijidudu puani wakiwaambukiza wadogo. Walipopimwa mmoja mmoja na wachache hao kuondolewa, wanakondoo wakaanza kuishi.

Usiku sikulala. Niliona sotoka yangu na kondoo wao ni habari moja, na mara zote mbili idadi peke yake ilikuwa bubu. Kwa hiyo msiishie kwenye jumla. Hesabuni ndama kwa kila majike mia, hesabuni wale wa mwaka mmoja, rudieni mwezi hadi mwezi. Pengo likitokea, mtajua ni umri gani unaokufa, na umri utawaambia pa kutafuta.

Wenzetu kule njia yao kubwa ni kutenganisha. Malisho ya kondoo wa kufugwa karibu na majabali yamepunguzwa, baadhi ya wafugaji wamelipwa waondoke, na kesi zimefika mahakamani. Siwalaumu, maana kijidudu kile hakina chanjo ya kutegemewa. Lakini nawaomba msirudi kutoka safari za nje mkadhani dawa hiyo inahamishika hivyo hivyo. Huku kwetu neno "kutenganisha" likishikwa na mtu mwenye haraka, maboma yanabomolewa.

Tena wafugaji wetu wanajua namna yao ya kutenganisha, na ni ya kalenda. Kila Februari, ndani ya majuma matatu hivi, majike wengi wa nyumbu huzaa kwenye tambarare za nyasi fupi. Ndama wa nyumbu hubeba virusi ambavyo havimdhuru yeye wala mama yake, lakini ng'ombe akiambukizwa haponi: homa, macho yanafunga ukungu, kifo. Hakuna tiba. Wamasai walilijua hilo kabla ya maabara yoyote. Wengi husema ugonjwa umo kwenye kondo la nyuma linaloachwa majanini. Maabara zimeonyesha kwamba virusi vinatoka kwenye kamasi na machozi ya ndama katika miezi yake ya mwanzo. Nimeona vijana wasomi wakiwacheka wazee kwa kosa hilo la kondo. Msicheke. Wamekosea chanzo, hawakukosea msimu wala mahali, na ng'ombe wao wamepona kwa elimu hiyo.

Na tazameni gharama. Msimu ambao nyasi za tambarare ni tamu kuliko wakati wote, mfugaji anawaondoa ng'ombe wake, anawapandisha kwenye nyanda za juu zenye majani magumu na kupe, ili kuwapisha nyumbu. Hakuna anayemlipa. Katika taarifa zote nilizoandika, gharama hiyo niliitaja mara mbili tu. Ninyi iandikeni kila mwaka.

Kuna ugonjwa mmoja umeshabisha hodi. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa nchini mwaka 2008, wilayani Ngorongoro. Nchini Mongolia iliwaingia swala aina ya saiga mwishoni mwa 2016, na zaidi ya nusu yao walikufa. Dunia imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa ugonjwa huo, na chanjo yake ipo, nzuri. Kwa hiyo mkisikia kampeni ya kuchanja mbuzi imepangwa vijijini na wenzenu wa mifugo hawana mafuta, toeni gari lenu. Mtaulizwa gari la wanyamapori linatafuta nini kwa mbuzi. Jibuni kwamba hapo ndipo swala wanapolindwa.

Kuhusu kukamata wanyama kwa sindano nitasema kidogo, madaktari watawaambia mengi. Msimkimbize mnyama kwa gari mpaka misuli yake iungue kwa joto. Atasimama, ataondoka, na atakufa baada ya siku kadhaa mkiwa mmeshaandika kwamba mlifanikiwa. Akilala, mlazeni kifudifudi, kichwa juu, ili gesi itoke na vya tumboni visiingie mapafuni. Na dawa ile ya usingizi ni kali kwa binadamu kuliko mnavyodhani, kwa hiyo asishike mtu asiye na mwenzake pembeni mwenye dawa ya kuibatilisha. Andikeni kwa penseli. Wino unakimbia mvua ikinyesha.

Februari ijayo wengi wenu mtakuwa Ndutu, kwenye tambarare wanakozalia nyumbu. Mtashinda mkihesabu ndama, na ni kazi ya furaha, hamtaisahau. Naomba kila mmoja wenu atenge siku moja aende bomani. Msiende na fomu. Nendeni na sukari na majani ya chai, salimieni vizuri, kaeni, mwulizeni mwenye ng'ombe mwaka huu aliwahamisha tarehe gani, aliona nini kilichomfanya ahame, na amepoteza wangapi. Tarehe hiyo iandikeni kwenye daftari lilelile, kando ya tarehe ya ndama wa kwanza.

Boma la yule mzee wa 1993 bado lipo. Yeye ametangulia mbele ya haki. Sasa mwanawe ndiye anayehamisha ng'ombe. Atakayepangiwa upande ule anitafute, nitamwelekeza njia, aanze na yeye.

Babu yenu,
Karatu