Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2020

Wanachama wenzangu, wataalamu wa tiba ya viungo,

Kwanza poleni. Wengi wenu mliuguza, wengine mlizika, na kazini hamkukosekana.

Wizara ya Afya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya tarehe 13 Machi, haikuchukua muda kliniki zetu za wagonjwa wasiolazwa zikaanza kufungwa. Tuliambiwa mazoezi ya viungo yanaweza kusubiri. Kuna hospitali chumba chetu kiligeuzwa stoo, vitanda vya mazoezi vikatolewa barazani vikanyeshewa. Hofu ya siku zile naielewa. Lakini nililalamika kwa maandishi, na msimamo wangu haujabadilika: yako maradhi yasiyosubiri.

Mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda hubadilishiwa plasta kila wiki, mguu ukirudishwa kidogo kidogo. Aprili, watu walipozuiwa kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale, mama mmoja wa Kwale alitupigia akilia kwamba vidole vya mwanawe vimevimba. Tulimwelekeza ailoweshe plasta kwa maji ya uvuguvugu na kuibandua polepole. Vizuizi vya Mombasa vilipoondolewa Julai, mguu ulikuwa umerudi kupinda. Tulianza upya.

Mzee wa Likoni aliyepatwa na kiharusi Februari naye alikatika kuja. Matatu zilipunguza abiria, nauli ikapanda, na nyumbani wakiogopa kivuko. Mkewe alipotutumia video kwa WhatsApp tuliona alivyokuwa akimwinua: anamvuta mkono ule uliopooza, bega limeshaanza kuachana. Mwenzetu akamwambia, "Mama, mkono usiuvute kabisa. Mrudishie miguu chini ya kiti, mshike kiunoni, ainame mbele kwanza, ndipo asimame." Wiki ya pili mzee alisimama ameshika meza. Simu ilitufaa, lakini simu haipapasi msuli uliokaza, na asiye na bando hatukumfikia.

Baadaye walianza kuja waliopona korona, watu wazima wenye nguvu zao, ambao ngazi za ghorofa moja ziliwashinda. Hapa tulijifunza kuwa na subira. Kipimo cha oksijeni kidoleni, hatua chache, kupumzika kabla ya kuchoka. Anayemsukuma mgonjwa huyu kama mwanamichezo humrudisha kitandani. Kila aliyesaidiwa kliniki akalala kwake aliacha kitanda wodini, na wodi zilikuwa zimejaa.

Mikutano yetu ilihamia Zoom, na mahudhurio hayakuwa mabaya. Hesabu atazisoma mweka hazina.

Ninaomba mkutano upitishe mambo mawili. Tuandikie idara za afya za kaunti hizo tatu za Pwani, Mombasa, Kilifi na Kwale, tukitaka wagonjwa wa plasta, kiharusi, majeraha ya moto na kano za mikono zilizoshonwa wahesabiwe miongoni mwa huduma zisizofungwa. Na kila tawi litenge pesa za bando na nauli za wagonjwa wasiojiweza, kuanzia Januari.

Mwenyekiti