CT skani peke yake haitoshi kwa uvimbe wa kitako cha fuvu

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mtu akiambiwa ana uvimbe kwenye kitako cha fuvu, pale ubongo unapokalia, anadhani CT skani moja, ile picha ya eksirei inayotengenezwa na kompyuta, imemaliza kila kitu, jamani sio hivyo. CT inaonyesha mfupa vizuri sana, picha ikikatwa vipande vyembamba vya milimita 1 hivi daktari anaona kama mfupa umeliwa au umenenepa, na vile vitundu vinavyopitisha mishipa ya fahamu kama vimetanuka. Ila nyama laini na mishipa yenyewe, hapo MRI, kile kipimo cha picha kinachotumia sumaku, ndo inaona zaidi. Mama yangu alipimwa CT tu, miezi ikapotea, iliniuma mno. Madaktari, tuambieni mapema kama zote mbili zinahitajika.

Msomaji wenu