Mbaazi za mgeni wenu

Upanga, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Shoga yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi wazima, joto tu ndilo linalotutesa. Ujumbe wako nimeupata na nimecheka sana. Yaani mgeni wa shemeji ni Mgujarati, hagusi nyama, samaki wala yai, na wewe unalia kwamba Babati bila kuku mgeni hajapokelewa? Hebu tulia. Gunia la mbaazi mnalo ndani, na mbaazi ndicho chakula cha kila siku cha watu wa kwao. Mpikie dali ya Kigujarati, yaani mchuzi wao mwepesi wa mbaazi.

Ile pakiti ya bizari ya mchuzi iache kabatini. Wengi wetu mchuzi wa Kihindi tunaujua hivyo: kitunguu, nyanya, unga wa njano, basi. Mama jirani yangu hapa ghorofani, ambaye ndiye aliyenifundisha, hana pakiti hiyo jikoni kwake. Ana bati la duara lenye vikopo vidogo ndani, kila kikopo na kiungo chake, na kazi yote iko katika kujua kipi kinaingia lini. Viungo vyenyewe karibu vyote unavijua. Zamu zake ndizo ngeni kwetu.

Kwa kuwa mgeni anakuja Jumamosi, kazi ianze leo. Mbaazi za dali ni zile zilizokobolewa na kupasuliwa. Loweka kiasi usiku huu, kesho zichuje uzianike juani mpaka zikauke kabisa, hata zikichukua siku mbili. Halafu zipitishe kwenye jiwe kwa mkono mwepesi, zipasuke tu zisiwe unga, uzipepete kwenye ungo maganda yatoke. Zitabaki nusunusu za njano. Ukiona kazi, Arusha zinauzwa tayari, ila roho itakuuma kununua mbaazi za dukani na zako ziko kwenye gunia.

(Na umwambie shemeji asianzishe mezani habari ya 2017. Najua hajasahau: India iliweka kikomo cha tani 200,000 za mbaazi za kutoka nje, bei huku ikaporomoka, na wenzetu wa Msumbiji walikuwa na fungu lao kwa makubaliano ya mwaka uliotangulia. Mgeni wa watu hakuhusika. Ale kwanza.)

Jumamosi yenyewe, kikombe kimoja cha hizo nusunusu kinatosha watu wanne. Zioshe mpaka maji yatoke safi, ziloweke nusu saa, kisha zichemshe kwa vikombe vitatu vya maji na nusu kijiko cha chai cha manjano. Tia na ngumi moja ya karanga mbichi; Wagujarati wanapenda kuzikuta humo zikiwa laini. Jiko la presha litakumalizia haraka, sufuria ya kawaida ni kama saa moja, uongeze maji ya moto yakipungua. Zimeiva pale ukiibana punje kati ya vidole viwili inakuwa uji. Hapo toa karanga pembeni, chukua upekecho upekeche mpaka isionekane hata punje moja, ndipo urudishe karanga. Ongeza maji ya moto. Usiogope wepesi wake. Dali yao ni ya kunywesha wali, si nzito kama mbaazi zetu za nazi za kulia maandazi.

Rudisha motoni na chumvi, tangawizi iliyotwangwa, pilipili mbichi iliyopasuliwa, na nyanya moja iliyokatwakatwa. Sasa vitu viwili ambavyo kwetu tusingevitia: maji ya ukwaju, na kipande cha sukari guru. Anza na vijiko viwili vya chakula vya ukwaju mzito na kimoja cha sukari guru, uonje. Chachu itangulie mdomoni na utamu uje nyuma yake. Ikiwa tamu kama chai umezidisha, ongeza ukwaju. Iache itokote taratibu kama robo saa ili ukwaju upoteze ule ubichi wake.

Haya, kuunga. Sisi tunakaanga kwanza ndipo tunatia maji. Wao mbaazi zinaiva zenyewe, na mafuta yenye viungo yanakuja mwisho, wageni wakiwa wameshanawa mikono. Pangilia kila kitu kwenye sahani kabla hujawasha jiko, maana ukianza hakuna nafasi ya kutafuta kijiko. Sufuria ndogo au kikaango kidogo, vijiko viwili vya samli, moto wa wastani. Tupia punje moja ya haradali. Ikiruka, samli iko tayari. Tia kijiko cha chai cha haradali na ufunike nusu, la sivyo zitakurukia usoni. Utasikia zinalia paa-paa-paa. Subiri mlio upungue, hapo ndipo bizari nyembamba iingie, kijiko kimoja cha chai, pamoja na punje chache sana za uwatu, karafuu mbili, kipande cha mdalasini na pilipili kavu mbili. Hesabu kama mpaka kumi. Uwatu ukishakuwa rangi ya kahawia, basi, ukifika mweusi ni uchungu mtupu na hakuna cha kuurekebisha. Mwisho kabisa mvuje, kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kisu, na majani ya karipata, ambayo yatalipuka kwa sababu ya maji yaliyomo, kwa hiyo rudi hatua nyuma. Mimina vyote kwenye dali papo hapo na ufunike. Ule mlio wa *chwaaa* jirani zako wote watausikia. Dakika tano, funua, nyunyizia majani ya giligilani.

Mvuje ni uleule ambao bibi zetu wa pwani wanawafungia watoto wachanga. Ni utomvu mkavu wa mmea wa Iran na Afghanistan, na India yenyewe kwa miaka yote imekuwa ikiununua huko. Kuupanda wamejaribu 2020 tu, kwenye milima ya Himachal Pradesh. Mbichi unanuka vibaya mno, sikufichi. Kwenye samli ya moto unageuka na kutoa harufu kama ya kitunguu saumu kilichokaangwa, na kwa mgeni wako hilo ni jambo kubwa, kwa sababu Wahindu wengi wanaoshika sana dini hawali kitunguu maji wala thomu. Ndiyo maana humu sikuvitaja.

Mwombe shemeji amuulize mapema kama ni Mjaini, yaani mtu wa dini ya Kijaini. Kama ndiyo, viazi, karoti na kila mzizi unaochimbwa ardhini viondoke, hata ile tangawizi mbichi, utumie ya unga. Na wanaoshika sana hula kabla jua halijazama, basi usimwekee chakula saa mbili usiku. Kama ni Mhindu wa kawaida, mpikie na viazi vya kuungwa kwa haradali na manjano. Maziwa, mtindi na samli anakula vizuri. Ila tumia sufuria safi na mwiko ambao haujakoroga nyama, mafuta yawe mapya na si yale yaliyokaanga samaki juzi, na vile viungo vya supu vya vipakiti usivitie, vingi vina nyama ndani yake.

Mpe chapati kwanza, nyembamba, zisizo na mafuta ndani, pamoja na viazi. Wali na dali wao huvila mwishoni. Usishangae akikwepa wali mwanzoni ukadhani haupendi.

Kesho asubuhi nampa kondakta wa basi la Babati kifurushi: haradali, uwatu, majani ya karipata na mvuje, nimevinunua Kisutu. Mvuje nimeutia kwenye kichupa, nikakifunga mifuko mitatu, na bado unanuka. Ukifika usiuweke karibu na majani ya chai. Nauli ya kifurushi nimeshalipa, asikudai tena. Na mkiuza mbaazi msimu huu mnibakishie debe moja, nitalilipia kwa bei ya huko huko, si ya Kariakoo.

Wako,
Shoga yako wa Upanga