Bunduki yako ya .22-250 inatawanya? Usikimbilie kubadilisha risasi

Baba mmoja anayefuga mbuzi, mteja wa siku nyingi wa duka letu la bunduki, alituletea shabaha ya karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua mezani bila kusema neno. Ilikuwa na matundu matano, na mawili kati yake hayakuwa ya mviringo. Yalikuwa marefu, mfano wa tundu la ufunguo, maana yake risasi ilipita kwenye karatasi ikiwa imelala ubavu. "Fundi, mtutu umekwisha huu," akasema.

Mtutu ulikuwa mzima. Mzee wetu anajaza risasi zake mwenyewe, na safari hii alikuwa amenunua vichwa, ile sehemu ya risasi inayoruka, vya greni 75 (greni ni kipimo cha uzito wake) kwa sababu aliambiwa kichwa kizito hakisumbuliwi na upepo. Aliyemwambia hakukosea, ila hakuuliza bunduki ni ipi.

Hapa Abilene na huko magharibi mwa Texas, .22-250 ndiyo bunduki ya watu wenye mifugo. Koyote, huyu bweha wa Marekani, anaingia zizini alfajiri na kubeba vitoto vya mbuzi, na mara nyingi unamwona mara moja tu, kwa mbali, naye hasimami kukusubiri. Ganda la .22-250 limetokana na ganda la .250 Savage la mwaka 1915, shingo yake ikabanwa ili ibebe kichwa chembamba cha inchi 0.224. Mafundi wa mitaani waliichezea kwa miaka mingi kabla Remington hawajaifanya risasi rasmi ya kiwandani mwaka 1965. Kichwa cha greni 55 kinatoka mdomoni kwa zaidi ya mita 1,100 kwa sekunde, na kasi hiyo ndiyo iliyoipa sifa.

Tatizo la mzee lilikuwa kwenye michirizi iliyomo ndani ya mtutu, ile inayokizungusha kichwa ili kisipinduke hewani. Mitutu mingi ya .22-250, hasa ya zamani, inakizungusha mara moja kila inchi 14. Hiyo ni polepole. Inatosha vichwa vifupi vya greni 40, 50 na 55, lakini kichwa kirefu kinahitaji mzunguko wa haraka zaidi. Zingatia neno urefu: watu wanahesabu uzito, kumbe kinachoamua hasa ni urefu. Mwingereza Alfred George Greenhill aliandika kanuni ya jambo hili mwaka 1879, na hadi leo mafundi wanaitumia kwa makadirio ya haraka. Kuna na la kushangaza: kichwa kilicho mpakani kinaweza kutulia vizuri Julai kikaanza kuyumba Januari, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito zaidi. Kwa hiyo kabla hujanunua boksi lolote, jua mtutu wako unazungusha kwa inchi ngapi. Usipojua, sukuma ufito wa kusafishia wenye kitambaa kilichobana, uwe na mpini unaozunguka, uweke alama, upime ufito umeingia inchi ngapi mpaka alama imezunguka mara moja kamili. Bunduki iwe tupu, na boliti, lile komeo linalofunga nyuma ya mtutu, iwe imetolewa kabisa.

Mzee alirudi kwenye greni 55 na matundu marefu yakaisha. Ila kundi la matundu kwenye karatasi bado lilikuwa pana kuliko alivyotaka, na hapo tukaanza kazi yenyewe.

Kwanza nilimwuliza anapimaje. Akatoa kwenye pochi kipande cha karatasi chenye matundu matatu yanayogusana. Karibu kila mteja anacho kipande cha namna hiyo, na sijawahi kuona mtu anayehifadhi kundi lake baya. Risasi tatu zinadanganya. Bunduki ileile, mpigaji yuleyule, kwa wastani kundi la risasi tano ni kubwa kuliko la tatu kwa zaidi ya robo, na la risasi kumi ni kubwa kwa zaidi ya nusu. Bunduki haijaharibika, hesabu ndiyo ilivyo, kadiri unavyopiga ndivyo moja inavyopata nafasi ya kutoka pembeni. Ukilinganisha risasi za aina mbili kwa kundi moja moja la tatu, umerusha shilingi tu. Sisi tunapiga makundi manne ya risasi tano kwa kila aina, tunapima kutoka katikati ya tundu la mbali hadi katikati ya tundu lingine la mbali, tunachukua wastani. Ni gharama, najua, lakini ni nafuu kuliko kununua maboksi sita kwa kubahatisha.

Pili, skrubu. Hii inaniudhi kidogo, kwa sababu mtu anatumia mamia ya dola kwa darubini halafu vishikio vyake vimekazwa kwa kisu cha jikoni. Shika darubini, itikise. Ukisikia chochote, umeshapata mwizi wako. Skrubu za chini zinazobana chuma kwenye mti, yaani ile mbao unayoishikia bunduki, nazo zikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji, si kwa nguvu za mkono. Kisha chukua noti ya dola moja, ipitishe kati ya mtutu na mti kuanzia mbele kurudi nyuma. Ikikwama, mti unagusa mtutu. Mtutu unatetemeka unapofyatua, na ukiguswa upande mmoja hautetemeki vilevile kila mara, hasa ukishapata joto. Kwenye bunduki ya mzee noti ilikwama karibu kabisa na mdomo wa mti. Tukaukwangua, tukaupaka rangi ya kuzuia maji ili mti usivimbe tena, na kundi likapungua karibu nusu. Safari hii hakubadilisha risasi hata moja.

Angalia na mdomo wa mtutu. Bunduki nyingi tunazopokea zimesafiri kwenye sakafu ya pikapu, mdomo chini, na mkwaruzo mdogo pale mwisho unatosha kuisukuma kila risasi kando inapotoka. Ukiwa na tochi na kioo cha kukuzia utauona. Kuukata upya ni kazi ya mashine, tuletee.

Upepo watu wanaudharau kwenye yadi 100. Upepo wa pembeni wa maili 10 kwa saa, ambao Texas ni kama hakuna upepo, unasogeza kichwa cha greni 55 kama robo tatu ya inchi hadi inchi nzima kwa umbali huo. Mtu anayetafuta kundi la nusu inchi hana pa kujificha. Funga utepe mwepesi kwenye vijiti viwili kati yako na shabaha, upige tu utepe ukiwa umeelekea upande uleule. Nenda asubuhi mapema. Na usipige haraka haraka: .22-250 inapasha mtutu haraka na kuula sehemu ya mbele ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Ukishindwa kuushika mtutu kwa kiganja, pumzika, kunywa chai.

Kwa wanaojaza wenyewe, umbali wa kichwa hadi inapoanza michirizi unaleta tofauti kubwa, ukibadilisha kidogo kidogo na kitu kimoja kwa wakati. Kiasi cha baruti kitoke kwenye kitabu cha watengenezaji, uanzie chini. Namba za baruti zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp mimi sizigusi, na ukizileta hapa nitakukatalia.

Ukija, lete bunduki tupu, boliti imetolewa, pamoja na boksi la risasi unazotumia na shabaha zako zote, hata zile mbaya. Hasa zile mbaya. Matundu yakipangika wima, nitaanza na mkono wako na mifuko ya mchanga unayoegemezea. Yakipangika mlalo, nitauliza upepo kwanza. Makundi mawili yaliyoachana kwenye karatasi moja mara nyingi ni skrubu au darubini. Ukaguzi wa kwanza tunaufanya ukiwa umesimama hapo hapo, na kwa Kiswahili, maana wengi wenu mmeniambia mlichoka kuitikia "yes" kwenye maduka mengine bila kuelewa. Walio hapa kwa viza za muda waulize kabla ya kununua bunduki yoyote, sheria ya shirikisho inawabana zaidi kuliko wenye makazi ya kudumu.

Jumamosi tunafunga saa saba mchana. Mzee wa mbuzi huwa anafika saa tatu, kwa hiyo ukitaka zamu ya kwanza, mtangulie.