Amri ya kupimwa akili iwe na tarehe ya kufika hospitali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wahusika wa mahakama na magereza, pamoja na familia zenye kesi kama yetu.

Mdogo wangu anashtakiwa kwa kumjeruhi jirani yetu hapa Mbagala. Jirani aliumia kweli. Tulikwenda kumpa pole, tukachangia matibabu yake, na siandiki barua hii kukana kilichotokea. Lakini mtaa mzima, kuanzia mjumbe wetu, unajua kijana huyu ni mgonjwa. Ana kadi ya kliniki ya afya ya akili ya miaka mingi. Kabla ya tukio aliacha dawa, akawa halali usiku, anabishana na watu tusiowaona. Wakili alipoyaeleza hayo, hakimu aliahirisha kesi na kuamuru apelekwe Isanga, hospitali ya Dodoma inayopima akili za washtakiwa, akapimwe.

Mama alishukuru Mungu. Aliamini mwanawe sasa atatibiwa. Tarehe ya kutajwa kesi ilipofika, tukamwona anashushwa kwenye karandinga pamoja na mahabusu wenzake, hajatoka hata nje ya Dar es Salaam. Tukaambiwa hakuna usafiri wala askari wa kumsindikiza. Tarehe iliyofuata, maneno yale yale. Nilipomfuata karani alinijibu, "Dada, amri ilishatoka hapa, kaulizeni gerezani." Gerezani nako nikaambiwa, "Mama, sisi tunasubiri barua." Miezi inakwenda. Dawa hapati kwa mpangilio, na wenzake wa chumba wanamwogopa.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, Sura ya 20, inampa daktari mkuu wa hospitali siku 42 awe ameandika ripoti na kuifikisha mahakamani. Ni muda wa kueleweka kabisa. Shida ni kwamba siku hizo zinaanza kuhesabiwa mshtakiwa akishawekwa hospitalini. Zile anazokaa mahabusu kusubiri gari hazimo kwenye hesabu ya mtu yeyote, na ndizo zinazotumaliza sisi.

Wapo watakaosema kuchelewa ni kawaida ya kesi zote. Hapana, hii ni tofauti, na naomba nieleweke. Mahakama inaweza kumuuliza daktari maswali mawili. La kwanza, je, mtu huyu leo ana akili ya kuielewa kesi yake na kujitetea? La pili, siku ile ya tukio alijua anachokifanya, au alijua kwamba hakupaswa kukifanya, au aliweza kujizuia? Sisi tumeagiziwa hilo la pili. Sasa daktari atakayempokea mdogo wangu baada ya miezi yote hii atamwona mtu mwingine, aliyekonda, mwenye hofu ya gereza, pengine ametulia, pengine amezidiwa. Ile siku yenyewe inazidi kuwa mbali. Na sheria inamhesabu kila mtu kuwa ana akili timamu hadi ithibitishwe vinginevyo, na mzigo huo uko kwa mshtakiwa. Hatakiwi kuthibitisha kwa kiwango kile cha upande wa mashtaka, inatosha ionekane kwamba yaelekea ilikuwa hivyo. Hata hivyo, ushahidi atautoa wapi kama kila mwezi unaopita unaufuta?

Hapo ndipo familia inapohitajika, na sisi hakuna aliyetuuliza lolote. Nani aliona usiku ule, alikuwa anakula, dawa aliziacha lini, kuna mwingine ukoo huu aliyewahi kuugua: hayo daktari wa Dodoma hawezi kuyapata kwa kumtazama mgonjwa peke yake. Mwanasheria wa msaada wa kisheria ndiye aliyenieleza kwamba ripoti ikishafika, upande wa mashtaka na upande wa utetezi wote wanaruhusiwa kuleta ushahidi kuhusu hali ya akili ya mshtakiwa. Mahakama nayo hailazimiki kuyafuata maoni ya daktari ikiwa ina sababu za msingi za kutoyafuata. Kwa hiyo ndugu, msikae nyumbani mkidhani ripoti ndiyo hukumu. Tunzeni kadi, vyeti na hata karatasi za kununulia dawa, na mpeni wakili nakala. Wala msidhani kwamba akionekana alikuwa mgonjwa basi anarudi nyumbani jioni ile. Mahakama ikiridhika kuwa alitenda kweli lakini akili haikuwa timamu, inatoa uamuzi wa namna ya pekee, na anaendelea kushikiliwa, iwe hospitali au mahali pengine.

Jirani yetu naye anasubiri. Ana haki ya kujua kesi yake itaisha lini, na kila inapoahirishwa anakosa kazi kuja mahakamani.

Ombi langu ni dogo na halihitaji sheria mpya. Hakimu anapoandika amri ya kumpeleka mtu kupimwa, aandike humo humo tarehe ambayo lazima awe amefikishwa hospitali. Ikipita, mkuu wa gereza alete maelezo mahakamani kwa maandishi. Siku hiyo hiyo karani apokee kwa ndugu nakala ya kadi na maelezo ya ugonjwa, viende pamoja na amri. Na wakati anasubiri safari, mgonjwa aendelee kupewa dawa alizoandikiwa kliniki.

Dada wa mshtakiwa,
Mbagala, Dar es Salaam