Somo, bado nangoja

South C, Nairobi
20 Machi 2025

Somo yangu mpenzi,

Salaam aleikum, na Ramadhani njema, ingawa imebaki kidogo. Barua yako niliipata salama kwa mkono wa mtoto wa khalati aliyekuja na treni. Kashata nimezila. Achari ya embe imekwisha kabla sijaionja sawasawa. Nyumba hii ina watu, na kila mtu ana mkono.

Umeniuliza mawili: kama majibu ya vyuo vya Marekani nilikoomba kusomea shahada ya uzamivu ya siasa yametoka, na kwa nini nisisome papa hapa Kenya nikaondokana na roho hii ya juu juu.

Baadhi yametoka, na ni ya kukataa. Hayaji kama barua hasa. Unaletewa ujumbe wa mistari miwili kwamba kuna taarifa mpya kwenye akaunti yako, uingie ukaisome. Ukifika huko nenosiri umelisahau, intaneti inazunguka tu, roho iko mkononi. Ukurasa ukifunguka: asante kwa kuomba, mwaka huu waombaji walikuwa wengi na wenye sifa, tunasikitika. Sasa nimekuwa mjuzi, nikiona shukrani zimerefuka mwanzoni sihangaiki kuteremka chini. Chuo kimoja kimeniweka kwenye orodha ya kusubiri. Vingine kimya.

Na saa zenyewe! Ofisi za pwani ya mashariki ya Marekani zikifunguliwa asubuhi, hapa ilikuwa saa kumi na moja jioni. Tangu Jumapili ya tarehe 9 walipopeleka saa zao mbele, imekuwa saa kumi. Wakifunga wao, sisi ni saa sita usiku. Kwa hiyo siku yao nzima ya kazi inaanza mimi nikikaanga sambusa na kwisha watu wamekwisha kurudi tarawehe. Khalati amechoka nami. Adhana ya magharibi ikikaribia hunipokonya simu akaifunika chini ya kawa, na hairudishi mpaka vyombo vimeoshwa. Moyoni namshukuru, usoni simwonyeshi. Kila mgeni anayekuja kufuturu huombwa aniombee dua, na kwa kuwa khalati hajui hasa nasomea nini, wengine wameniombea uwakili, na mzee mmoja ameniombea ubunge. Niliitikia amina.

Unakumbuka Agosti 2022? Tulipiga kura Jumanne tarehe 9, tukangoja hadi Jumatatu tarehe 15. Zilikuwa siku ndefu, lakini fomu 34A, zile za matokeo ya urais za kila kituo, vituo zaidi ya 46,000, zilikuwa zikiwekwa kwenye tovuti, na kila mwenye simu akageuka mjumlishaji. Babangu alikuwa na daftari lake na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Hata makamishna wanne kati ya saba wa tume ya uchaguzi walipojitokeza hoteli ya Serena kuyakana matokeo, tulikuwa na kitu cha kubishania. Kamati ya udahili ya chuo haina fomu kama hizo. Walimu wachache hukaa na mamia ya maombi, wakasoma maelezo ya nia, sampuli ya maandishi na barua tatu za wapendekezaji, wakatoa majina machache, basi. Huenda ulikuwa dhaifu. Huenda ulikuwa mzuri, ila mwalimu anayeshughulikia Afrika anaondoka mwaka huu, au mwaka jana walichukua wengi wa siasa linganishi na sasa wanataka wa nadharia. Hutaambiwa. Mimi niliyesomea namna maamuzi yanavyofanywa, kukataliwa naweza kukumeza. Kinachonichoma ni kukosa cha kuhesabu.

Mwaka huu nao ni mwaka wa aina yake. Serikali ya Marekani imekata fedha nyingi za utafiti, hasa wa tiba, na vyuo kadhaa vimepunguza nafasi za uzamivu hata katika idara zisizogusa dawa. Kuna walioahidiwa nafasi kisha ahadi ikafutwa. Kazi yangu unajua ilivyokwisha: tarehe 20 Januari amri ikatoka Washington ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90, na Nairobi hii miradi ikaanza kufungwa mmoja baada ya mwingine. Wetu haukubaki. Siku hizi nanukuu kanda za mahojiano ya watafiti wengine, nalipwa kwa saa. Kwa hiyo mlango ninaobisha na mlango niliotolewa umefungwa na mkono mmoja. Ningekuwa mwanafunzi wa fasihi ningelia; wa siasa, naandika pembeni ya daftari.

Mama hunipigia kila Ijumaa na mfano wake ni uleule: Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, Chuo cha Makerere, Uganda, kilimkataa kwa sababu ya matokeo yake ya mtihani wa shule wa Cambridge, naye akaja kuwa profesa wa siasa huko huko Makerere. Ni kweli tupu. Akapata shahada Manchester mwaka 1960, Columbia mwaka uliofuata, na Oxford mwaka 1966. Lakini somo, hiyo ndiyo dhambi tuliyokatazwa darasani tangu mwaka wa kwanza, kuchagua mifano kwa kuangalia nani alifaulu. Wale wengine waliokataliwa na Makerere mwaka huo, wakabaki makarani bandarini, mbona hakuna mama anayewataja? Sikumwambia hivyo. Nilimwambia inshallah.

Sasa swali lako la pili, ambalo nadhani mama ndiye aliyekutuma. Jibu ni pesa kwanza, na mengine baadaye. Hapa wengi hujilipia karo ya uzamivu huku wanafanya kazi. Nimefanya kazi na watu wanaoandika tasnifu usiku baada ya kuwalaza watoto, mwaka baada ya mwaka, mpaka msimamizi anastaafu. Idara nyingi za Marekani zikikuchukua hukusamehe karo na kukupa posho, nawe unasaidia kufundisha. Ni miaka mitano au sita, na unaweza kuingia na shahada ya kwanza tu. Miwili ya mwanzo ni madarasa, takwimu kwa wingi, kisha mtihani mkubwa, ndipo unatoka kwenda kutafiti. Uingereza ni miaka mitatu au minne, unaingia moja kwa moja kwenye tasnifu, na ufadhili mara nyingi unautafuta kivyake. Si theluji inayonivuta. Nataka hesabu ambazo sikufundishwa, na nataka nizisome bila kuwaza kodi ya nyumba. Najua inachekesha, mtu wa Mvita kuvuka bahari akajifunze siasa za Mvita. Cheka, ruhusa.

Kwani ninachotaka kukijua ni kidogo na kiko hapo mlangoni pako. Mzazi akipata basari, yaani msaada wa karo, ya mwanawe, siku ya kura humshukuru nani? Kuna basari ya mbunge kutoka mfuko wa maendeleo ya eneo bunge, ulioanza mwaka 2003. Kuna ya kaunti, ambayo mwakilishi wadi huisimamia kana kwamba imetoka mfukoni mwake. Hundi zote mbili hukabidhiwa kwa picha na makofi. Tuna maeneo bunge 290 na wadi 1,450, na katika mahojiano ninayonukuu nawasikia wazazi wakichanganya nani alitoa nini. Mmoja alisema, "Alinipa yule mwenye gari nyeupe." Wote wana magari meupe.

Halafu tazama hili. Septemba iliyopita Mahakama Kuu ilisema sheria ya mfuko wa wabunge inapingana na Katiba, ikaupa uhai hadi 30 Juni 2026. Wabunge hawajanyamaza, na huenda wakaupindua uamuzi. Lakini ukifa kweli, mtafiti anapata kitu adimu: wadi zile zile, wazazi wale wale, kabla na baada, na uchaguzi wa Agosti 2027 unakuja nyuma yake. Nikaketi nikapiga hesabu. Nikidahiliwa mwaka huu, hiyo tarehe 30 Juni itanikuta kati ya madarasa ya takwimu, na kura yenyewe nitakuwa nasomea mtihani. Yaani nafasi ninayoililia ingeniondoa nyumbani wakati huo huo ambao ninachokitafuta kinatokea. Usiku ule sikungoja ujumbe wowote, nililala.

Usidhani nimeghairi. Tarehe ya mwisho ya kukubali nafasi zenye ufadhili, kwa vyuo vingi vya Marekani, ni 15 Aprili. Waliopata vyuo vitatu vinne hung'ang'ania vyote mpaka siku za mwisho, kisha wanaachilia, ndipo orodha ya kusubiri inasogea. Kwa hiyo mimi na simu yangu bado tuna wiki za kukaa macho, na wakiniita nitakwenda, madarasa na yote. Lakini karatasi za basari haziwezi kuningoja mpaka nimalize takwimu. Huchanwa ukutani mara tu fomu mpya zikija.

Ndiyo maana nina ombi. Ukipita ofisi ya wadi yenu, na ile ya eneo bunge karibu na shule unakofundisha, piga picha orodha za waliopata basari zilizobandikwa nje. Usiniletee majina ya watoto, yafunike kwa kidole au karatasi. Nataka shule, kiasi, tarehe, na nembo ya nani iko juu. Ukiulizwa, sema unamtafutia jirani. Na waulize walimu wenzako hundi za muhula huu zilifika lini shuleni, maana hapa naambiwa watoto walirudishwa nyumbani kabla hazijafika.

Nitakuja Idi, nikijaliwa tiketi ya treni, zinajaa mapema. Salimia nyumba nzima, na mwambie mama hukuniuliza kitu.

Ni mimi,
somo yako