Pasaka njema kutoka Roma, kwenu nyote na kwa waliolala mgombani

Tumsifu Yesu Kristo! Wazee wangu shikamooni, ndugu, majirani na wanajumuiya wote wa Kibosho hamjambo. Kristo amefufuka, aleluya. Nawatakia Pasaka njema yenye heri, amani na baraka tele.

Kwaresima hii imekuwa ndefu kwangu, kwa kuwa ni Pasaka ya kwanza bila mama. Mlimzika Novemba mimi nikitazama kwenye simu, mtandao ukakatika jeneza likingali juu ya kamba. Nauli ya ghafla ilikuwa mshahara wa miezi mitatu wa mtu anayetunza wazee wa watu. Mnayajua, sitayarudia.

Juzi nilipata nafasi niliyoiomba tangu kabla ya msiba: kushuka chini ya Basilika la Mtakatifu Petro, kwenye makaburi ya Warumi. Papa Pius XI alipofariki mwaka 1939, mafundi waliokuwa wakimchimbia kaburi ndio walioanza kukutana nayo. Kule chini kuna joto la unyevunyevu, kichochoro chembamba, na kuta za matofali mekundu zenye milango na vizingiti kama mtaa wa Uswahilini, ila wakazi wake ni wafu. Jirani palikuwa na uwanja wa mbio za farasi wa akina Kaligula na Nero. Ule mnara wa Misri mnaouona kwenye televisheni Baba Mtakatifu akitoa baraka, ulikuwa huko hadi 1586.

Mmoja wa wafu wale, Popilius Heracla, aliandikisha wosia juu ya mlango: warithi wamjengee Vatikani, karibu na uwanja wa mbio, kando ya kaburi la Ulpius Narcissus, kwa sesteri 6,000, fedha ya Kirumi. Nilicheka peke yangu. Bajeti ya kaburi! Mimi na kaka tumevutana miezi minne kwa ajili ya marumaru, na saruji ndiyo hiyo inapanda kila tukikaribia kununua.

Warumi wale waliacha matundu makaburini wawamiminie wafu wao divai, na siku zao zikifika walikula palepale. Babu angewaelewa, hakugusa mbege kabla ya kudondosha kidogo chini. Kisha akaja Konstantino, katika karne ya nne, akitaka kanisa lisimame hapohapo Wakristo waliposhika kuwa ndipo alipozikwa Petro. Mapaa yakakatwa, vijumba vikashindiliwa udongo, wakubwa kwa wadogo. Fahari yote ile ya juu, dhahabu na marumaru, inafuata kaburi la mvuvi aliyelazwa kwenye udongo mtupu.

Lililonishinda ni jiwe moja. Mume amemwandikia mkewe Gorgonia, aliyekufa na miaka 28, miezi miwili na siku 28: roho tamu. Pembeni pamechorwa mtu anateka maji. Nikamwona mama na ndoo yake mferejini, Jumapili ya Pasaka, giza bado, ili tuoge kabla ya misa ya kwanza. Mwongozaji akanisubiri. Nilimwambia ni joto.

Ndugu zangu, tuwatazame wazee wangali wanakula. Michango ya msiba tunaitoa kwa mbio, dawa ya presha tunaambiwa mara tatu. Shuka jipya linanunuliwa la kufunikia jeneza! Anayemnunia mzazi kwa sababu ya kihamba, shamba la ukoo, apatane naye wiki hii, asingoje kuomba radhi mbele ya watu wenye khanga za kujifunga kichwani. Na sisi wa ughaibuni tusijidanganye kwamba kutuma pesa ni kufika. Nasema haya nikijisuta mwenyewe, maana miaka sita nilikuwa nasema mwakani.

Mwenyezi Mungu awajalie afya, mvua za kutosha na amani ya Kristo mfufuka. Watoto wote wa nyumbani nawabusu.

Kaka, marumaru tuyaache kwanza, saruji ya kawaida inatosha. Lakini fundi akija, mwambie aache nafasi ya udongo kichwani pa mama, unipandie sale hapo, jani letu la kuombea msamaha, kwa jina langu.